Kabla ya Kuleta Kompyuta, Soma Daftari

Katika zahanati nyingi, kumbukumbu za chanjo ya watoto bado huandikwa kwa mkono. Wapo wakazi wanaouliza kwa nini madaftari hayaondolewi mara moja, kompyuta zikaletwa. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, kabla mfumo mpya haujabuniwa, ule wa zamani hauna budi kuchunguzwa, kwa sababu daftari linaweza kuwa linafanya kazi ambayo haikuwahi kuandikwa popote.

Kazi iliyo katika nafasi tupu

Mama anapompeleka mtoto kliniki, taarifa ya chanjo huandikwa mara tatu. Kwanza, katika Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, ambacho mama hurudi nacho nyumbani. Pili, katika rejista ya kudumu ya chanjo, ambamo kila mtoto ana mstari wake. Tatu, katika karatasi ya kuhesabia, ambapo muuguzi hutia alama kwa kila chanjo iliyotolewa. Mwisho wa mwezi alama hujumlishwa, na jumla hiyo huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011.

Anayetazama juujuu ataona kuandika mara tatu ni kupoteza wakati. Anaweza kupendekeza programu ya kuhesabu chanjo na kutuma jumla. Jumla itafika mapema, lakini haina majina. Rejista ndiyo inayoonyesha kwamba mtoto fulani alichanjwa wiki ya 6 na ya 10, na nafasi yake ya wiki ya 14 iko tupu. Muuguzi akipitisha kidole kwenye ukurasa huziona nafasi hizo, huandika majina, kisha humpa mhudumu wa afya ya jamii awatafute watoto hao nyumbani. Rejista ikiondolewa na programu isiyojua kazi hiyo, mtoto aliyekosa chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 au 18 hatatafutwa na mtu, na ripoti itaonekana safi.

Hatua za uchunguzi

1. Kukusanya karatasi zote zinazotumika, hata daftari la pembeni na namba za simu zilizoandikwa ukingoni. Kinachoongezwa nje ya visanduku huonyesha mahali fomu rasmi haikutosha.

2. Kutazama kazi ikifanyika. Mtu akiulizwa, mara nyingi hueleza kazi inavyotakiwa kufanywa, si inavyofanywa. Mchunguzi akae kliniki siku yenye foleni ndefu, na siku ambayo umeme umepotea.

3. Kufuata taarifa moja tangu mwanzo hadi mwisho: nani huiandika, nani huisoma, na huamua nini baada ya kuisoma.

4. Kupima. Mama hungoja dakika ngapi? Jumla ya mwezi inalingana na rejista? Bila vipimo hivi, hakuna atakayejua baadaye kama mfumo mpya ni bora.

5. Kutenga yanayofaa kubaki, yanayosumbua, na yanayotakiwa na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Rejista iliyoachwa wazi mezani ni kosa. Kompyuta isiyo na nywila ni kosa lilelile.

Orodha ya mahitaji ya mfumo mpya huandikwa baada ya hatua hizi, si kabla.

Yaliyotokea London

Hasara ya kubadilisha mfumo bila maandalizi ya kutosha ilionekana London mwaka 1992. Maombi ya ambulensi yalikuwa yakiandikwa kwenye karatasi, na wafanyakazi wenye uzoefu waliamua gari lipi liende wapi. Tarehe 26 Oktoba kazi hiyo ilihamishiwa kwenye kompyuta. Mfumo mpya ulitaka kujua kwa usahihi kila gari liko wapi. Taarifa zilipokuwa na makosa, ulituma magari mawili mahali pamoja huku wagonjwa wengine wakingoja. Tarehe 4 Novemba ulikwama, na wafanyakazi wakarudia karatasi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wafanyakazi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba mfumo haukuwa tayari.

Nafasi ya mkazi

Mradi wa mfumo mpya unapoletwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, mkazi anaweza kuuliza:

- Ni nani aliyekaa na wauguzi na kuwatazama wakifanya kazi?
- Mtoto aliyekosa chanjo atajulikanaje?
- Umeme ukipotea, kazi itaendeleaje?
- Taarifa zilizo katika madaftari ya zamani zitahamishwaje, na nani atazihakiki?

Wachunguzi wanapofika kijijini, mzazi awaonyeshe kitabu cha mtoto na kueleza ukweli, ikiwa ni pamoja na siku aliyorudishwa nyumbani bila huduma. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ukichakaa hubadilishwa, lakini baada ya kujua ni nani bado anaulalia.