SIKIO LINALOTOA USAHA: KAUSHA KWANZA, NDIPO UTIE DAWA

Katika vijiji vyetu si ajabu kumwona mtoto anayetoka usaha sikioni, nao watu wanasema, "Mwacheni, ataacha akikua." Wapendwa wanavikundi, tusikubali neno hilo.

Usaha unatoka wapi?
Ndani ya sikio mna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Mtoto akiwa na mafua, viini hupanda kutoka kooni hadi nyuma ya ngozi hiyo. Usaha ukijaa, ngozi hutoboka. Ukiendelea kutoka kwa majuma mawili au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu. Mtoto huyo darasani anaitwa mjinga, kumbe hasikii! Tena ugonjwa waweza kuingia mfupa wa nyuma ya sikio, hata ubongo, ukaua.

Je, kukausha tu kunatosha?
Hapana. Watoto wa shule za msingi huko Kiambu walichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Waliokaushwa sikio na kupewa dawa ya viini, ya matone na ya kumeza, karibu nusu yao usaha ulikoma. Waliokaushwa tu, ni kama mmoja kati ya watano, sawa na wale ambao hawakutibiwa. Lakini dawa nayo haifiki ndani ikiwa usaha umeziba njia. Basi yote mawili yaende pamoja.

Tufanye hivi
1. Mpeleke mtoto zahanati apimwe. Kwa usaha sugu, mara nyingi hupewa matone kama sipurofloksasini kwa majuma mawili.
2. Nawa mikono. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi.
3. Kiingize polepole sikioni. Kikilowa, kitoe, utie kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.
4. Mlaze mtoto kwa ubavu, sikio bovu likiwa juu. Tia matone kama ulivyoagizwa, naye atulie dakika chache.
5. Maliza siku zote za dawa, hata usaha ukikoma mapema.

Tuache haya
Tusitie mafuta, maziwa wala maji ya majani. Tusichokoe kwa kijiti. Tusiache pamba sikioni. Mtoto asiogelee mtoni. Wala tusiazime matone ya jirani: mengine huharibu usikivu ngozi ikiwa imetoboka.

Hatari!
Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, homa kali, shingo ngumu, uso kupinda au kizunguzungu: hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

Maswali ya kikundi
- Ni watoto wangapi hapa kwetu wanaotoka usaha? Nani atawatembelea wazazi wao?
- Hapa kwetu watu hutia nini sikioni? Tutawaelezaje bila kuwaaibisha?
- Mzazi akikosa nauli au pesa za dawa, kikundi kitamsaidiaje?