SOMO LA NAFAKA: JANI LA SIAKAGO NA MFUKO WA MWENYE WATOTO



Somo letu la mara hii ni katika mambo ya nyumbani: mapato machache, kazi, na masomo ya watoto. Wako wanaodhani ya kuwa haya ni mambo ya dunia yasiyostahili kuingia katika darsa, na ya kwamba darsa ni ya twahara na sala tu. Dhana hiyo si sawa. Vitabu vya fiqhi tunavyovisoma vina mlango mzima wa nafaka, wala maulamaa hawakuuweka mlango huo kwa kujaza karatasi. Mtu aswaliye safu ya mbele, na huku mtoto wake amerudishwa kutoka shule kwa ada ambayo yeye alikuwa nayo akaitumia pengine, ana jambo zito la kujibu mbele ya Mola wake.

Tumechagua kulieleza somo hili kwa mfano wa mji ulio mbali nasi, nao ni Siakago, katika nchi ya Mbeere. Msomaji asistaajabu. Baina ya Siakago na mitaa yetu ya pwani kuna mafungamano ya kila siku, ijapokuwa wengi wetu hatujapata kukanyaga huko. Shilingi itokayo katika mfuko wa mtu wa Mombasa au Malindi jioni hii, huenda kesho kutwa ikawa katika mkono wa mkulima wa Mbeere. Basi yafaa tuijue nyumba ile na nyumba yetu, tuzipime kwa mizani moja.

Siakago na watu wake

Siakago iko upande wa kusini mashariki wa Mlima Kenya, katika sehemu za chini za Embu. Ilipofanywa wilaya ya Mbeere mwaka 1996, Siakago ndiyo iliyokuwa makao yake makuu. Na tangu zilipoanza serikali za kaunti mwaka 2013, mji huu uko chini ya kaunti ya Embu. Mtu atokaye juu mlimani huona mashamba ya chai, kisha ya kahawa. Na kila anapoteremka, nchi huzidi kukauka, mpaka afike Mbeere penye jua kali, miti ya miiba na mvua isiyotegemewa.

Mvua za huko ni mbili: moja huanza mwezi wa Machi, na nyengine mwezi wa Oktoba. Watu hupanda mtama, uwele, kunde, mbaazi na ndengu, ambazo sisi pwani twaziita pojo. Hufuga mbuzi, na hutundika mizinga ya nyuki juu ya miti. Mvua ikija vyema, mna chakula na ziada ya kuuza. Ikikosekana, mna njaa. Na hata ikija vyema, mkulima ana taabu nyengine: wote huvuna wakati mmoja, na wote huhitaji fedha wakati mmoja, kwa hivyo pojo huuzwa kwa bei ya chini siku zile zile za mavuno. Aliye na nafasi ya kuziweka ghalani miezi miwili au mitatu hupata zaidi. Lakini shule haingoji bei kupanda.

Hapo ndipo twapata fundisho la kwanza. Mapato ya mkulima huja mara mbili kwa mwaka, na ada ya shule hudaiwa mara tatu, mwanzo wa kila muhula. Mwenye akili katika watu wale hujua mapema ya kuwa hesabu hizi mbili hazikutani, basi huweka mbuzi. Mbuzi ndiye benki yake: hamli bila ya sababu, wala hamuuzi kwa shangwe ya siku moja, bali humfuga mpaka siku ya haja. Je, sisi tulio na mshahara wa kila mwezi, au ujira wa kila siku, ni nani mbuzi wetu?

Jani lenyewe

Katika nchi ile kavu kuna mmea mmoja unaostahimili jua na unaoleta fedha mara kwa mara, si mara mbili kwa mwaka tu. Mmea huo ni muguka. Ni katika jamii ya miraa, lakini miraa ya milima ya Nyambene, huko Meru, hutafunwa vijiti vyake, na muguka hutafunwa majani yake machanga. Na bei yake ni ndogo kuliko miraa, ndiyo sababu umeenea sana kwa watu wa kipato cha chini.

Ndani ya jani mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho humchangamsha mwenye kutafuna, kikamwondolea usingizi na hamu ya chakula. Nguvu ya kitu hicho hupungua upesi baada ya jani kuchumwa, hata baada ya siku mbili hivi halina thamani tena. Kwa hivyo huchumwa, hufungwa na kupakiwa kwa haraka, na magari huenda mbio usiku na mchana ili lifike sokoni likiwa bichi.

Tuseme kweli, kwani haki haina kificho: jani hili limesomesha watoto wengi wa Mbeere. Kuna mchumaji apataye ujira, na mfungaji, na mchukuzi, na dereva. Mzazi wa Siakago anapouza jani lake huinunulia nyumba unga, na hulipa ada. Ndiye yule yule baba ambaye mvua ikikosekana hana pa kushika. Basi haifai sisi kumtukana, wala kumwita mwuaji, kama tulivyowasikia baadhi ya watu wakisema barazani. Ulimi wa Muislamu haufanyi hivyo, tena matusi hayamnunulii mtoto daftari.

Yaliyotokea mwaka 2024

Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa, chini ya Gavana Abdulswamad Shariff Nassir, ilipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti hiyo, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Sababu iliyotolewa ni kuharibika kwa vijana na watoto. Wakulima wa Mbeere walilalamika ya kuwa wamekatiwa riziki. Rais William Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa miraa ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi: ilitiwa katika Sheria ya Mimea kwa mageuzi ya mwaka 2016, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2023. Kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo kwa muda, na biashara ikaendelea.

Hatukusudii hapa kuhukumu baina ya serikali na serikali. Twataka kuonyesha mambo mawili tu. La kwanza, mtu wa Siakago aliyeng'oa mtama wake wote akapanda muguka, aliona kwa macho yake jinsi riziki inavyoweza kutikiswa na karatasi moja iliyotiwa sahihi katika mji wa mbali. Wenzake wa Meru walikwisha kuyaona hayo Uingereza ilipoipiga marufuku miraa mwaka 2014. Si busara kuitundika nyumba nzima juu ya msumari mmoja. La pili, mtu wa pwani aliyekuwa akingojea serikali imwondolee jani mdomoni, aliona ya kuwa amri huwekwa na huondolewa. Ikiwa mlango wa nyumba yako hukuufunga wewe, usitaraji gavana akufungie.

Hesabu ya mfuko

Sasa tutoe kalamu tuhesabu. Tujaalie mtu apata shilingi 18,000 kwa mwezi. Kila siku atoa shilingi 100 kwa muguka, na 50 nyengine kwa njugu, ubani wa kutafuna na soda, kwani jani haliliwi peke yake. Hizo ni shilingi 150 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 4,500, nayo ni robo kamili ya mapato yake. Kwa mwaka wa siku 365 ni shilingi 54,750.

Tulinganishe. Kanuni za ada za serikali zilizotumika mwaka 2023 ziliweka shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule za bweni za daraja la juu, na 40,535 katika shule nyengine za bweni. Basi mtu huyu ametafuna ada ya mtoto mmoja katika shule ya daraja la juu, na ikambakia shilingi 1,196. Lau angempeleka katika shule ya daraja la pili, angebakiwa na shilingi 14,215 za sare, viatu na vitabu. Na ukimwuliza kwa nini mtoto yuko nyumbani, atakwambia, "Hali ni ngumu." Ni kweli hali ni ngumu, lakini sehemu ya ugumu huo aununua mwenyewe kila alasiri.

Na hii ni khasara ya fedha tu. Hatujahesabu usingizi uliopotea, sala ya alfajiri iliyopita, kazi aliyoichelewa asubuhi, na watoto wanaolala bila ya kumwona baba yao kwa sababu yuko maskani.

Wala tusifanye jani kuwa ndilo dhambi pekee. Mwengine hatafuni, lakini fedha yake yaenda katika sigara, au katika kucheza kamari kwa simu, ambayo ni haramu waziwazi, au katika harusi ya siku nne iliyofanywa kwa deni ili watu waseme. Hesabu ni ile ile: kidogo cha kila siku, au kingi cha siku moja, mwisho wake mtoto amekaa nyumbani.

Neno la fiqhi

Katika suala la miraa maulamaa wamekhitalifiana tangu zamani. Imamu Ibn Hajar al-Haytami, katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliandika risala makhsusi katika karne ya kumi ya Hijra. Hakukata hukumu ya uharamu kwa kila mtu, kwa sababu khabari alizopewa juu ya madhara yake zilipingana. Lakini alinasihi watu wajiepushe nayo. Tumelitaja hili ili mtu asije akatushika kwa ubishi wa halali na haramu akaliwacha somo lenyewe. Hata kitu kilicho halali bila ya khitilafu, kama nyama na nguo, hakimfalii mtu kukinunua kwa fedha ambayo ni haki ya mwengine.

Na nafaka ni haki ya mwengine. Katika madhehebu ya Shafii, chakula cha mke kimewekewa kipimo kwa hali ya mume: mwenye wasaa mudi mbili kwa siku, wa kati mudi moja na nusu, na mwenye dhiki mudi moja. Tazama ilivyo adili sheria: haikumtaka maskini atoe cha tajiri, lakini haikumsamehe maskini asitoe kitu. Tena nafaka ya mke isiyotolewa haianguki kwa kupita siku, bali huwa deni juu ya mume kama madeni mengine. Basi ewe ndugu, kila siku uliyoipitisha nyumba yako bila ya chakula, na hali uwezo ulikuwa nao ukautumia maskani, umeandikiwa deni, na mwenye kukudai yuko ndani ya nyumba yako.

La kufanya

Somo lisilo na kazi ni maneno matupu. Twanasihi haya:

1. Fedha ikiingia, kabla haijaguswa, itengwe mafungu: chakula, kodi, ada na akiba. Ada isingoje mwanzo wa muhula. Igawanywe kwa miezi, na mtu aweke fungu lake kila mwezi, au kila juma kwa anayepata ujira wa siku.

2. Mume na mke wakae pamoja na daftari. Mke ndiye ajuaye bei ya unga na mafuta. Kumficha mapato ni kumtaka apike kwa kubahatisha.

3. Kila mtu aandike kwa siku 30 kila anachokitoa, hata shilingi 10. Wengi hawataamini jumla watakayoiona.

4. Asiyeweza kuacha jani mara moja, apunguze nusu, na ile nusu aitie katika fungu la ada siku ile ile. Kwa hesabu yetu ya juu, nusu ni shilingi 27,375 kwa mwaka. Asiidharau.

5. Vyama vyetu vya kuweka na kuzika viwe pia na fungu la masomo, ili mtoto wa yatima na wa mwenye dhiki ya kweli asirudishwe nyumbani, na sisi tupo.

Maswali ya kujisomea

Kwa nini mkulima wa Siakago hufuga mbuzi hali anahitaji fedha leo? Ni kipi katika nyumba yako kinachosimama mahali pa mbuzi huyo? Ikiwa mtu ana deni la nafaka, ana haki gani ya kukaribisha wenzake maskani? Wasomaji wajibu kwa daftari zao, si kwa ndimi zao.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atupe akili ya kuitumia, na awatengeneze watoto wetu na watoto wa majirani zetu, wa pwani na wa bara. Amin.