Kitabu Chenu Kianze na Mdako

Mdogo wangu wa Kibokoni, barua yako nimeisoma yote. Mnasomea ualimu wa chekechea, kitabu cha kozi bei yake haishikiki, na mifano yake ni ya watoto wanaocheza kwenye theluji. Sasa wewe na wenzio, pamoja na mwalimu wenu, mmeazimia kuandika chenu kiwe cha bure, na unauliza kama mnajisumbua.

Hamjisumbui. Ila ule mtindo wa kupiga picha kurasa za kitabu cha mtu na kuzisambaza WhatsApp, komeni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ipo, na isitoshe, kitabu cha wizi hakiwaondolei theluji.

Utazameni mradi wa chekechea wa Madrasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwomba Aga Khan msaada wa elimu, mradi ukaanzia papa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele. Walitumia mbinu za HighScope ya Marekani, lakini hawakuzimeza nzima nzima: walizichanganya na mafunzo ya dini na lugha ya nyumbani, wakatengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Uhuru huo wa kuchukua na kugeuza ndio mnaotaka kumpa msomaji wenu, tena kwa maandishi.

Maandishi yenyewe yapo tayari: leseni za Creative Commons, zilizotoka mwaka 2002. Ukiweka CC BY, yeyote ataruhusiwa kunakili, kubadilisha, kutafsiri, hata kuuza, mradi awataje nyinyi. Najua hapo kwenye kuuza umekunja uso. Mwache auze, mwanangu; nani atanunua kwake na chenu kipo bure? Likizidi kukukera, chukueni CC BY-SA, ili atakayekibadilisha naye alazimike kukiachia kwa masharti yale yale. Yenye herufi ND ikimbieni. Hiyo inamzuia mwalimu wa Kilifi kukisambaza kwa Kigiriama bila kuja kuwapigia hodi.

Kisha msianze na kitabu kizima. Andikeni sura moja, ya hesabu za awali, na muiandike juu ya mdako. Mtoto anarusha kijiwe juu. Kabla hakijashuka anakomba kete kutoka shimoni, anakidaka, anarusha tena, anazirudisha zote isipokuwa moja. Hapo kuna kuhesabu, kukadiria, kutoa moja, jicho kushirikiana na mkono, na kungoja zamu, ambayo kwa mtoto wa chekechea ni kazi kubwa kuliko hesabu. Mwanafunzi wa ualimu aelezwe atazame nini, aulize swali gani, na lini anyamaze. Kete ziwe kubwa, zisije zikaishia puani. Sura hiyo hakuna profesa wa ng'ambo atakayewaandikia.

Kwa hadithi za watoto, msihangaike kutunga zote. African Storybook, iliyozinduliwa na Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria. Zitumieni na muwataje watunzi.

Picha nazo, msiokote ovyo intaneti. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale mnayo, pigeni wenyewe: duara, pembetatu, ruwaza, somo zima liko ubaoni pale. Nyuso za watoto ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, nami naongeza: mwonyesheni picha yenyewe kabla hajatia sahihi.

Mkimaliza, toeni faili mbili: PDF nyepesi isiyomaliza bando, na ile ya Word inayoharirika, maana leseni ya kubadilisha bila faili ya kubadilisha ni dhihaka. Nakala moja mwachieni mwenye duka la fotokopi jirani na chuo, mkubaliane bei ya ukurasa mapema.