Upupu wa uani: usiuwashe moto

Mdogo wangu wa Kibaha, ujumbe wako nimeusoma na umenitia wasiwasi. Unasema mmehamia kwenye kiwanja chenu, ua wa nyuma umefunikwa na upupu uliokwisha kukauka, na shemeji amepanga Jumamosi aumwagie mafuta ya taa auteketeze. Mzuie. Tafadhali mzuie.

Kinachowasha hasa ni vile vinywele vya rangi ya kahawia vinavyong'aa juu ya ganda. Kila kimoja ni kama kisindano, na ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Kikishachoma ngozi, mtu hujikuna mpaka damu. Ganda likikauka, vinywele hupukutika kwa mguso mdogo, hata kwa upepo tu. Sasa washa moto chini yake: hewa ya joto itapanda na vinywele vitapanda nayo, viwaingie machoni na puani, vitue na kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

Dawa yake ni maji. Subirini asubuhi yenye umande, au mvua ikiwa imetoka kunyesha, na upepo umetulia. Mvua ikikosekana, nyunyizieni kwa mpira taratibu, maganda yalowe bila kutikisika. Watoto wapelekeni kwa bibi yao siku hiyo. Vaeni nguo za mikono mirefu, suruali ichomekwe ndani ya mabuti, glavu za mpira, miwani, kitambaa puani, na kanga ifungwe kichwani mpaka shingoni. Shingo ndiyo inayosahauliwa, na ndiko vinywele vinakoteremkia.

Anzeni na maganda, shina baadaye. Wengi huponzwa hapa: wanaukamata mmea kwa chini, wanauvuta kwa nguvu, na kila kilicho juu kinawamwagikia. Wewe kata kikonyo cha kishada kwa mkasi, kisha kitumbukize polepole kwenye ndoo ya maji. Maganda yakiisha, ndipo mkate shina na kung'oa mizizi kwa jembe. Vyote vifukieni kwenye shimo refu, mbali na bustani.

Nguo mzivue nje kabla ya kuingia ndani, mziloweke kwa sabuni kwenye beseni la peke yake. Zisigusane kabisa na nepi za mtoto. Mkasi, jembe na glavu navyo vioshwe.

Akiwashwa mtu, asijikune. Najua ni mateso, lakini kujikuna huvisukuma vinywele ndani zaidi na kuvisambaza. Bandika selotepu juu ya ngozi, ibandue, itupe, bandika kipande kingine. Ukiinua kile kipande kwenye mwanga utaviona vimenasa. Rudia mpaka kitoke kitupu, kisha osha kwa sabuni na maji mengi ya baridi, bila kusugua. Vikiingia jichoni, usifikiche: mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, halafu hospitali siku hiyohiyo. Anayehema kwa shida apelekwe mara moja.

Ninyi wengine ambao upupu wenu bado mbichi, mna bahati; utumieni muda huo. Ni mmea wa jamii ya maharage, una majani matatu matatu, hutambaa na kupanda juu ya chochote, na huzaliana kwa mbegu. Ung'oeni kabla haujatoa maua yake ya zambarau. Upo pia upupu usiowasha, ambao wakulima huupanda kurutubisha udongo, ila msijaribu kuutambua kwa kidole! Ganda lolote lenye manyoya lihesabuni kuwa linawasha.

Na wewe wa Kibaha, kazi haitaisha siku hiyo moja, kwa sababu mbegu zilizokwisha kudondoka zinangoja mvua. Vuli ikianza, piteni kwenye huo ua kila wiki. Miche itachomoza, ing'oeni ikiwa bado midogo, mkiwa mmevaa glavu.