Rimoti ya Kizinduzi Chako Isiwe Nzito

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba kizinduzi chako umekijenga juu ya Apache Felix, seva iko mbali, na kila ukitaka kubadilisha moduli moja unazima programu nzima na kuiwasha upya. Unataka rimoti. Mwenzako kazini anakuhimiza ujenge ukurasa wa usimamizi wenye vitufe na grafu. Usimsikilize. OSGi, kiwango ambacho Felix hukitekeleza, ilibuniwa ili moduli moja iweze kuwekwa, kuwashwa, kuzimwa na kusasishwa huku nyingine zikiendelea na kazi. Uwezo unao tayari, umekosa njia ya kuufikia tu. Amri tano zinakutosha: orodhesha, washa, zima, sasisha, na ile ya kufunga kila kitu.

Swali zito ni rimoti ikae wapi. Wengi huiweka ndani ya fremuweki (kwako ni Felix) kama moduli mojawapo, na hivyo ndivyo Felix Remote Shell inavyofanya. Kwa kazi ndogondogo inafaa. Lakini siku utakapoifunga fremuweki, au utakapoisasisha moduli ya rimoti yenyewe, utakuwa umekata tawi ulilokalia: mawasiliano yanakatika, jibu halijafika, nawe hujui amri imetekelezwa au la. Kizinduzi kiko nje ya fremuweki, tena ni chako mwenyewe. Kiache hicho ndicho kisikilize poti, kwa uzi wake pekee, ili hata moduli ikikwama bado upate wa kumwuliza kulikoni.

Na hapa kuna mtego. Tangu toleo la 4.2 la OSGi, la mwaka 2009, kizinduzi huiunda fremuweki kwa njia rasmi, huiwasha kwa start na kuizima kwa stop. Sasa, stop ya fremuweki hurudi mara moja. Kuzima kwenyewe kunaendelea pembeni. Ukimjibu mtu “imezimwa” wakati huo, umemdanganya. Ita waitForStop, ipe kikomo cha muda, na muda ukiisha kabla ya kuzima, sema wazi kwamba bado haijazimika.

Kuhusu usalama, nakusihi usifanye haraka. Felix Remote Shell, usipoibadilisha, husikiliza 127.0.0.1 tu, poti 6666, na hupokea wateja wawili tu kwa wakati mmoja. Iga hilo. Mawasiliano yake ni ya Telnet, na Telnet haifichi chochote njiani, kwa hiyo poti hiyo isionekane kabisa kwenye intaneti. Ukiwa nyumbani, pitia SSH:

ssh -L 6666:127.0.0.1:6666 wewe@seva

Kisha zungumza na 127.0.0.1 ya kompyuta yako, na SSH itabeba maneno yako yakiwa yamefichwa. Kama seva mnaichangia, kila mwenye akaunti humo anaweza kuifikia poti hiyo, basi dai neno la siri kabla ya amri yoyote, na faili la neno hilo lisomwe na mtumiaji anayeendesha kizinduzi peke yake. Tena lisiwe neno la kila mtu: matoleo ya zamani ya Apache Karaf, jukwaa jingine la OSGi, yalikuja na mtumiaji karaf, nenosiri karaf, na seva ya SSH ikisikiliza poti 8101. Anayeacha hivyo amewapa wageni uwezo wa kuweka moduli zao kwake.

Kila amri iandikwe kwenye logi: saa, moduli, na matokeo. Anza na orodhesha pekee wiki hii. Ikitulia, ongeza zima na washa, na sasisha pamoja na ile ya kufunga kila kitu ziwe za mwisho.