Namba ya Simu Iliyoandikwa kwa Herufi

Nimeombwa niandike somo fupi la manufaa katika gazeti letu la muhula huu. Nimechagua jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishinda mbele ya mwanafunzi wangu, tena nikiwa nimeketi katika kiti cha mwalimu.

Mwaka jana, siku ya Jumatatu, alifika shuleni mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Kisha akatoa mfukoni kadi ndogo iliyokunjwa mara nne. Mwanawe yuko Chicago, Marekani, anafanya kazi katika tanuri ya mikate. Alikuwa amebadili simu, na namba yake ya zamani haikupatikana tena. Kilichobaki nyumbani ni kadi hiyo ya kazini kwake. Mama yake alikuwa amelazwa, naye angepasuliwa siku ya Ijumaa. Alitaka kusikia sauti ya mwanawe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Niliitazama kadi. Ilianza na tarakimu kama namba yoyote, lakini mwisho wake palikuwa na herufi nne: BAKE. Nilijua kwamba hilo ni neno la Kiingereza, maana yake kuoka. Nikamwambia, "Mzee, hii namba haikukamilika. Hapa wameandika neno la kutangaza biashara tu." Alinishukuru, akaikunja kadi yake, akaenda zake.

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, akarudi. Alikuwa amekwisha kuuliza kila mahali. Wakati huo msichana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa ameleta madaftari ofisini kwangu. Aliitazama kadi iliyokuwa mezani, akasema kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Hizo herufi si ndizo zilizoandikwa kwenye vitufe vya simu?"

Tulichukua simu ya mzee, ile ndogo ya vitufe. Naam, chini ya kila tarakimu, kuanzia 2 hadi 9, palikuwa na herufi. Miaka yote nimekuwa nikizitumia kuandikia ujumbe, wala sikupata kujiuliza kama zina kazi nyingine.

Basi tukapiga. Kwa kuwa katika ujumbe herufi B hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha 2 mara mbili, tulibonyeza 22 kwa B, 2 kwa A, 55 kwa K, na 33 kwa E. Sauti ya mtambo ikatujibu kwamba namba si sahihi. Mzee akainama. Yule msichana akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, labda kila herufi tuibonyeze mara moja tu. Hatuandiki neno, tunapiga namba."

Hapo ndipo penye siri yote ya somo hili, kwa hiyo na tulieleze sawasawa.

Vitufe vya simu vimegawiwa herufi hivi:

2 – ABC
3 – DEF
4 – GHI
5 – JKL
6 – MNO
7 – PQRS
8 – TUV
9 – WXYZ

Tarakimu 1 na 0 hazina herufi. Mpango huu ndio uliokubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, nao ni mmoja katika simu za vitufe na katika simu za kisasa za kioo. Ukiandika ujumbe kwa simu ya vitufe, unaiambia simu ni herufi ipi kati ya tatu au nne unayoitaka, ndiyo maana wabonyeza zaidi ya mara moja. Lakini ukipiga namba, simu haina haja ya kujua herufi. Inataka tarakimu tu. Kwa hiyo A, B na C zote ni 2, na kila moja hubonyezwa mara moja. Neno BAKE ni 2253, basi, tarakimu nne kwa herufi nne.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini watu wakaandika herufi mahali pa tarakimu? Asili yake ni ya zamani sana. Hapo mwanzo, mtu aliyetaka kupiga simu katika miji mikubwa alimtajia mhudumu jina la kituo cha simu na namba. Mitambo ya kujiunganishia wenyewe ilipokuja, wataalamu waliona kwamba watu wangeshindwa kukumbuka tarakimu nyingi. Mwaka 1917 William G. Blauvelt wa kampuni ya AT&T huko Marekani alibuni kuweka herufi kwenye kisahani cha kuzungusha cha simu. Mtu akazungusha herufi za mwanzo za jina la kituo, kisha tarakimu zilizobaki. Huko London, namba mashuhuri ya polisi wa Scotland Yard ilikuwa Whitehall 1212; mpigaji alizungusha W, H na I, yaani 944, kisha 1212.

Visahani vya siku hizo havikuwa na Q wala Z kwenye 7 na 9 kama ilivyo sasa. Tena Waingereza waliiweka herufi O pamoja na sifuri, hali Wamarekani waliiweka kwenye 6. Baadaye namba ziliongezeka, na majina ya vituo hayakutosha tena. Marekani ilianza kuyaacha miaka ya mwisho ya 1950, na Uingereza ikaanza mwaka 1966. Lakini herufi hazikufa. Mwaka 1967 Marekani ilianzisha namba za 800, ambazo anayelipa ni anayepigiwa, na wenye biashara wakaona faida ya kutumia maneno. Duka la maua la 1-800-FLOWERS hutangaza neno linalomaanisha maua. Mteja akilikumbuka neno, ameikumbuka namba, nayo ni 1-800-356-9377.

Sasa nitataja mambo matano ya kuangalia.

Kwanza, tumia ubao wa tarakimu wa kupigia simu. Katika simu za kioo, ukifungua mahali pa kupigia utaona herufi ndogo chini ya tarakimu. Ubao mkubwa wa kuandikia barua hautakufaa hapa.

Pili, jihadhari na herufi O na I. Herufi O ni 6, wala si sifuri. Herufi I ni 4, wala si moja. Wengi hukosea hapo.

Tatu, hesabu tarakimu. Namba ya Marekani ina tarakimu kumi baada ya 1 ya mwanzo. Wafanyabiashara wengine huandika neno refu kupita nafasi zilizopo. Mitambo ya zamani ya waya ilipokea tarakimu moja moja, na ilipotimiza hesabu yake ikaunganisha, za ziada zikapotea bure. Simu ya mkononi hupeleka namba nzima kwa pamoja, nayo ikizidi huenda ikakataliwa. Ni salama kuziacha herufi za mwisho zilizozidi.

Nne, ukipiga kutoka nchi nyingine, anza na alama ya kujumlisha. Katika simu nyingi hupatikana kwa kukishikilia kitufe cha 0. Kisha bonyeza 1, ambayo ni namba ya Marekani, na zinazofuata. Namba za 800 mara nyingi hazipatikani ukiwa ng'ambo, au hupatikana kwa malipo. Tafuta namba ya kawaida ya mahali hapo.

Tano, kumbuka kwamba neno hutoa namba moja tu, lakini namba moja huweza kutoa maneno mengi. Chukua 5252. Kila kitufe hapo kina herufi tatu, basi mipangilio yote ni 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81. Mingi haina maana, lakini KAKA ni 5252, na LALA pia ni 5252. Kwa hiyo ukipewa neno, andika tarakimu zake pembeni mara moja, upate kuwasaidia watakaokufuata.

Nirudi kwa mzee wetu. Tulipiga tena, safari hii herufi moja kwa mbonyezo mmoja. Chicago ilikuwa bado alfajiri, lakini waoka mikate huamka mapema kuliko jogoo. Simu ikapokelewa. Nikamtaja kijana kwa Kiingereza, tukasikia sauti za watu na vyombo, kisha sauti ya Kiswahili ikasema, "Baba?" Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akatoka nje. Nasi tukabaki ndani tukiyapanga madaftari ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Jioni ile mama alizungumza na mwanawe akiwa kitandani hospitali. Upasuaji ulikwenda vizuri, na leo yuko nyumbani. Lakini sisahau kwamba siku tatu zilipotea kwa ajili ya neno langu, na kama upasuaji ungewekwa Jumatano, ningekuwa nimemnyima mama yule haki yake. Kutojua hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kujibu kama ajuaye. Ningalisema, "Mzee, sijui, ngoja tuulize," yule msichana angaliitwa Jumatatu ile ile.

Basi, wanafunzi, msione haya kumwuliza mwalimu kwa adabu. Nasi walimu na wazazi, tusione haya kujibiwa na mtoto. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Jaribio: (1) Andikeni kwa tarakimu maneno SHULE, KITABU na BAHARI. (2) Ni kinywaji gani kinachoandikwa 2424? (3) Namba yenye tarakimu tatu, 7, 9 na 2, yaweza kutoa mipangilio mingapi ya herufi? Majibu yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wiki ya kwanza ya muhula ujao.