JE, YAFAA KUFUTA NENO LA KWELI ULILOMWANDIKIA MUUZAJI?

Ndugu mmoja wa darasa letu alituletea swali ambalo twaona faida yake ni ya watu wote, kwani siku hizi zimo katika miji yetu ya pwani nyumba zinazonunua vitu kwa njia ya simu.

Habari yake ni hii. Mkewe hushona mabuibui, na kwa muda wa miezi minane alikusanya shilingi 21,000. Mume akamnunulia kwa fedha hizo cherehani ya umeme kwa muuzaji wa mtandaoni, nayo ilitajwa kuwa ni mpya. Ilipofika, sindano imepinda, na chini ya bamba la chuma mna nyuzi na vumbi la kazi ya mtu mwingine. Basi mahali wanunuzi wanapoandika maoni yao akaandika kuwa amelipia kipya akaletewa kilichokwisha tumika, akatia nyota moja katika tano. Siku ya pili muuzaji akampigia simu: "Ndugu yangu, futa maneno yako, utie nyota tano, nami nitakurudishia fedha zako leo hii. Usipofuta, hupati kitu."

Je, afute au asifute?

Nasi twakiri kwamba jibu letu la kwanza halikuwa sawa. Tulimwambia papo hapo, baada ya sala ya isha: "Futa, chukua fedha zako, msamehe." Tulidhani tumehukumu kwa huruma. Tulipofika nyumbani tukalirudia jambo hilo, tukaona tumesema kabla ya kutazama. Asubuhi tukamwita tukamwambia angoje. Na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, maneno yale ni nini? Mtu akienda Marikiti hapa Mombasa huonja embe na kunusa bizari. Akienda Mtaa wa Biashara huikunjua leso akaitazama pindo lake. Anunuaye kwa simu hana mkono, wala pua, wala jicho. Alicho nacho ni picha aliyoiweka muuzaji mwenyewe, na maneno ya wanunuzi waliomtangulia. Basi maneno yale ni ushahidi; na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 283, ametukataza kuficha ushahidi, na dhambi ya kuuficha ameifanya kuwa ni ya moyo.

Huenda mtu akasema: "Je, huko si kusengenya?" La. Imam An-Nawawi amezitaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa ila yake, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu na madhara. Fatima binti Qais alipomtaka shauri Mtume S.A.W. juu ya wanaume wawili waliomposa, alimweleza ila ya kila mmoja, kwani lau angalinyamaza, mwenye kudhurika angalikuwa ni mwanamke yule.

Na mwingine atasema: "Tumeamrishwa kumsitiri Muislamu." Ni kweli, husitiriwa aliyeteleza baina yake na Mola wake. Ama ila ya bidhaa ambayo kesho itamfikia mjane wa Lamu au kijana wa Malindi, kuificha si sitara, bali ni kumsaidia mwenye kughushi. Mtume S.A.W. alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini pamelowa, alimwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona. Basi muuzaji wetu alikwisha ficha mara moja; sasa amtaka mnunuzi amfichie mara ya pili.

Tena zile fedha si hisani. Katika fiqhi yetu, mnunuzi akigundua ila ya zamani katika kitu alichouziwa, ana khiari ya kukirudisha na kupewa thamani yake, mradi asicheleweshe. Vipi basi mtu auziwe haki yake kwa bei ya ulimi wake? Wamarekani nao, mwaka 2024, waliweka kanuni inayokataza biashara kutoa malipo kwa sharti kwamba mnunuzi asifu au alaumu.

Na kusamehe je? Hapa ndipo tulipokosea. Mtu husamehe haki iliyo yake. Shilingi zile ni za mke, wala mumewe hawezi kuzisamehe bila ya idhini yake. Na haki ya mnunuzi wa kesho si ya mume wala ya mke hata waisamehe.

Lakini msifahamu kwamba neno likiisha andikwa haliguswi tena. Ukiwa umekosea, au hasira imekuzidisha, ukamwita mtu mwizi na kumbe mzigo umecheleweshwa na mchukuzi, ni wajibu wako kulirekebisha upesi hata asipokuomba, kwani umemdhulumu. Na muuzaji akitengeneza alipoharibu, ongeza neno: ila ilikuwa hii, naye ameiondoa hivi. Waweza kumzidishia nyota kwa kadiri ya ukweli. Kuunyamazia wema wake nako ni dhuluma. Lililo haramu ni kuligeuza la kweli kuwa la uwongo, kwa fedha, kwa haya au kwa hofu.

Ndugu yetu alimjibu muuzaji: "Nirudishie fedha, nami nitaandika kuwa umezirudisha. Neno la kwanza silifuti." Tumemshauri pia aziweke picha na risiti, apeleke mashtaka yake kwa wenye soko lile. Mpaka tunapoandika haya hajalipwa, na mkewe hushona usiku kwa cherehani ya jirani.

Tulimtaka radhi mama huyo kwa jibu letu la haraka. Mumewe alituletea maneno yake: "Mwambieni sheikh sina kinyongo. Lakini katika wote walionunua kabla yangu, hakuna aliyeandika ila hata moja. Je, hawakuandika, au waliandika kisha wakafuta?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu. Twamwachia kila msomaji ajiulize siku atakapopigiwa simu kama ile. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli katika kuuza na katika kununua. Amin.